Baba, mwana na samaki wangu kumi na wawili

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wa kwanza wa uzamili nilinunua samaki 12 aina ya neoni tetra, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa ubavuni na wekundu kuelekea mkiani. Tangi la kioo la lita 60. Changarawe niliyoiosha mpaka maji yake yakatoka maangavu. Filta mpya kabisa kutoka kwenye boksi. Maji ya bomba niliyoyaacha kwenye ndoo usiku kucha ili klorini iondoke. Kila kitu kilikuwa kisafi, na hilo neno "kisafi" liweke akilini, maana tutalirudia.

Siku ya tatu samaki walianza kupanda juu na kutweta midomo wazi. Siku ya nne maji yakaingia ukungu, nikaitoa filta na kuisugua chini ya bomba. Siku ya sita alibaki mmoja, amejibanza nyuma ya pampu, rangi imempauka.

Nilirudi dukani. Muuzaji, mzee mpole tu, alipokea shikamoo yangu, akasikiliza msiba wote, kisha akasema, "Mwanangu, hawa samaki wa kizungu hawavumilii shida." Sikumbishia, lakini hawa si wa kizungu hata kidogo. Kwao ni vijito vya Amazon ya juu, huko Peru, Kolombia na Brazili. Na shida iliyowaua ilikuwa imeshaelezwa na wanakemia zaidi ya miaka 100 kabla sijazaliwa. Jambo la kuchekesha, au la kuhuzunisha ukiwa na samaki waliokufa mkononi, ni kwamba nusu ya maelezo hayo aliyatafuta mtu aliyebuni tangi la samaki la nyumbani, na nusu nyingine ikaja kupatikana na mwanawe akiwa anashughulika na mambo ya mbolea.

Lakini kwanza tuulize, kwa nini ninunue 12 kwa mkupuo? Si ningeanza na mmoja nikajaribu?

Hapana, na hapa ndipo ugumu wote ulipo. Ukiwahi kuwaona dagaa wakizunguka chini ya taa ya mvuvi usiku, unajua samaki wa kundi anavyoishi: hana mwenendo wake peke yake, anasoma miili ya wenzake. Kundi ni kinga. Mwindaji akimkabili samaki mmoja anamlenga huyo huyo. Akikabili hamsini wanaogeuka kwa pamoja, jicho linachanganyikiwa na anakosa mara nyingi zaidi. Neoni tetra ameumbwa kwa maisha hayo. Mtoe kwenye kundi naye anakuwa kama mtu aliyeachwa porini usiku. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio ambalo aina nne za samaki wa majumbani, neoni wakiwemo, waliwekwa mmoja mmoja, wawili wawili, watano na kumi. Makundi madogo ndiyo yaliyoonyesha ugomvi zaidi na mwenendo mchache wa kundi.

Historia ya neoni yenyewe ina kisa cha upweke. Samaki huyu alipewa jina la kisayansi mwaka 1936 na George S. Myers, kwa heshima ya William T. Innes, mchapishaji wa jarida la wafuga samaki kule Philadelphia. Ndiyo maana hadi leo anaitwa *Paracheirodon innesi*. Mwaka huo huo, wafugaji husimulia, neoni wachache walivushwa Atlantiki kutoka Ujerumani ndani ya Hindenburg, lile chombo kubwa la anga lililokuja kuteketea New Jersey Mei 1937. Mmoja tu ndiye aliyebaki hai katika Akwariamu ya Shedd, Chicago. Wakamwita Lonely Lindy, wakimfananisha na Charles Lindbergh aliyeruka bahari hiyo peke yake mwaka 1927. Jina zuri la gazetini. Kwa samaki wa kundi, lakini, hakuna sifa hapo.

Kwa hiyo unawahitaji wengi, angalau 8 au 10, na kwa pamoja. Ila samaki wengi kwa pamoja wana jambo lao, na ili tulielewe inabidi twende London.

Mwaka 1849 mwanakemia Robert Warington, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la Chama cha Wauza Dawa jijini humo, alichukua chombo kikubwa cha kioo, akatia maji ya chemchemi kama nusu yake. Chini akaweka mchanga, tope na mawe, akapanda mmea wa majini uitwao valisineria, kisha akaingiza samaki wawili wadogo wa dhahabu. Alitaka kujua kama samaki na mmea vinaweza kulishana. Tangu siku za Joseph Priestley, miaka ya 1770, wanakemia walijua kwamba mimea huifanyia ukarabati hewa iliyochafuliwa na pumzi ya wanyama. Je, hayo yanawezekana ndani ya maji, bila kubadilisha maji?

Mwanzoni mambo yalienda vizuri, kisha majani ya zamani yakaanza kuoza, maji yakachafuka. Warington hakukimbilia kumwaga. Alienda kutafuta konokono watano au sita wa majini, akawatumbukiza. Konokono wakala uozo, maji yakatulia, mmea ukashamiri, samaki wakaendelea kuishi. Mwaka 1850 akakisomea Chama cha Kemia taarifa yake: mnyama, mmea na mla uozo, watatu wanaotegemeana.

Moto ukawaka. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park ikafungua nyumba ya samaki. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichoitwa *The Aquarium*, na kioo cha samaki kikaingia sebuleni kwa watu wenye uwezo Uingereza nzima. Kwa haki, niseme hakuwa wa kwanza kuweka viumbe wa majini kwenye kioo. Jeanne Villepreux-Power alifanya hivyo kule Sisili mwaka 1832 akichunguza jamii ya pweza. Lakini wazo la "tangi lenye mizani", ambamo mimea ikiwa ya kutosha hakuna haja ya kubadilisha maji, ni la Warington, na vitabu vya ufugaji vililikariri hata baada ya karne kugeuka.

Tatizo ni kwamba mizani hiyo ilipimwa kwa oksijeni. Samaki anapumua, mmea unarudisha, basi. Warington alikuwa anahesabu gesi. Ila samaki hatoi gesi tu. Kila akila, mwili wake unavunja protini na kutoa amonia, na sehemu kubwa haitoki kwa mkojo bali inapitia matamvuani, saa zote, mchana na usiku. Amonia ni sumu kwa samaki huyo huyo anayeitoa. Inachoma matamvua, na ikijaa majini hata iliyomo damuni inashindwa kutoka. Samaki anatweta juu ya maji ambayo oksijeni yake inatosha kabisa.

Sasa mbona samaki wa Warington hawakufa? Hapo ndipo napenda kurudi kwenye orodha ya vitu alivyoweka: mchanga, tope, mawe. Tope aliliweka kwa ajili ya mizizi ya mmea. Kumbe ndani ya tope hilo aliingiza, bila kujua, mabilioni ya wafanyakazi ambao hakuna mtu duniani aliyekuwa amewagundua. Mmea nao ulikuwa unafyonza amonia kidogo kidogo. Na samaki walikuwa wawili tu. Alikuwa na jibu sahihi kwa sababu iliyokuwa nusu sahihi, jambo ambalo katika sayansi hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri kwenye tasnifu zetu.

Warington alikuwa na mtoto wa kiume, naye akiitwa Robert Warington. Wakati baba anaweka tope na mmea kwenye kioo, mtoto alikuwa na miaka 10. Kemia alijifunza kwa baba, maabara ya baba ikiwa darasa lake. Baba akafariki mwaka 1867. Miaka 10 baadaye, mambo yakaanza kufunguka, tena si London wala si kwenye maji ya samaki.

Ilikuwa Ufaransa, mwaka 1877, kwenye maji machafu. Théophile Schloesing na Achille Müntz walichukua bomba la kioo lenye urefu wa mita moja, wakalijaza mchanga na chokaa, kisha wakawa wanapitisha humo maji taka taratibu. Swali lao lilikuwa la kikulima na kijeshi pia: amonia iliyo kwenye samadi hugeukaje kuwa nitrati, ile chumvi inayolisha mazao na kutengenezea baruti, ambayo Waswahili wa zamani waliijua kama shura? Wengi waliamini ni kemia tupu, amonia inakutana na oksijeni kwenye mchanga, mambo yanajiendea.

Siku 20 hazikuleta chochote. Amonia iliyoingia juu ilitoka chini vile vile. Halafu nitrati ikaanza kuonekana, ikaongezeka, mpaka amonia ikatoweka kabisa. Kama ingekuwa kemia tupu, kwa nini isubiri siku 20? Wakapitisha mvuke wa klorofomu, dawa inayolaza viumbe hai, na kazi ikasimama. Wakaondoa klorofomu, wakamwagia maji yaliyosukutwa kwenye udongo wa bustani, na baada ya muda kazi ikaanza upya. Humo ndani kulikuwa na kitu hai.

Lisome tena jaribio hilo taratibu. Bomba lenye mchanga, maji yenye amonia yanapita, siku 20 hakuna kitu, kisha ghafla maji ni salama. Hiyo ni filta ya tangi la samaki. Na neoni wangu walikufa siku ya sita.

Warington mdogo wakati huo alikuwa ameajiriwa Rothamsted, kituo maarufu cha utafiti wa kilimo kaskazini mwa London. Alipopata habari za Wafaransa alirudia jaribio lao, likakubali, naye akaing'ang'ania mada hiyo kwa zaidi ya miaka 10. Aligundua kwamba mwanga unawazuia hao viumbe kufanya kazi, wanapenda giza. Na aligundua jambo kubwa zaidi. Baadhi ya vyombo vyake viligeuza amonia kuwa nitriti vikaishia hapo. Vingine viligeuza nitriti kuwa nitrati, lakini ukivipa amonia havigusi. Akahitimisha kwamba kazi ina hatua mbili na wafanyakazi wa aina mbili, wa kwanza akimkabidhi wa pili.

(Usichanganye majina hayo, herufi moja tu lakini kwa samaki ni mbingu na ardhi. Nitriti huingia damuni na kuiharibu himoglobini isibebe oksijeni, damu inageuka rangi ya kahawia. Nitrati ni ya upole, samaki huivumilia mpaka iwe nyingi sana.)

Kilichomshinda Warington mdogo ni kuwatenga viumbe wenyewe. Alitumia gelatini, njia ya kisasa ya siku zile, na kila mara wakagoma kuota humo. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa Zurich, akafaulu kwa kufanya kinyume: aliwanyima chakula chote tunachokiita chakula. Hakuna sukari, hakuna protini, ni madini na amonia tu. Maana hawa bakteria hawali kama sisi. Wanaichoma amonia kupata nguvu, na miili yao wanaijenga kwa kaboni dayoksaidi, kama mmea, ila gizani. Maisha magumu kweli, ndiyo maana wanazaliana polepole. Bakteria wa tumboni anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20. Hawa mara nyingi huchukua karibu siku nzima. Zile siku 20 za Schloesing na Müntz ni muda wa kusubiri koo zao ziongezeke.

Kwa hiyo, turudi kwenye tangi langu safi. Changarawe iliyosuguliwa, filta ya boksini, maji yenye dawa: hakukuwa na mfanyakazi hata mmoja. Nikaingiza samaki 12 kwa siku moja, kwa sababu ni samaki wa kundi, nao wakaanza kazi yao ya kutoa amonia. Ule ukungu wa siku ya nne ulikuwa bakteria wa kawaida wanaofaidi mabaki ya chakula nilichokuwa nawamwagia. Kwenye sponji ya filta huenda wale wanaotakiwa walikuwa ndiyo kwanza wanajishikiza, nami nikaenda kuwasugua chini ya bomba lenye klorini. Schloesing na Müntz walihitaji klorofomu. Mimi nilitumia maji ya bwenini.

Kulikuwa na kosa jingine ambalo sikulijua kabisa. Kule kwao neoni huogelea kwenye maji laini, yenye asidi kidogo. Katika maji ya aina hiyo amonia nyingi hukaa katika umbo lenye chaji, ambalo halipenyi matamvua kwa urahisi. Kila pH ikipanda kwa 1, ile sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara 10. Maji yangu, nilipokuja kuyapima baadaye, yalisoma 8. Kiasi kile kile cha amonia ambacho kwenye kijito cha Peru kisingemtisha samaki, kwenye ndoo yangu kilikuwa hukumu.

Mara ya pili nilifanya hivi. Nilimwomba mfugaji mmoja mwenye tangi la miaka mitatu anikamulie sponji ya filta yake ndani ya yangu. Maji yalitoka ya kahawia, yana harufu ya mto, mazuri mno. Ni kama unavyoomba maziwa ya mgando kwa jirani ili ugandishe ya kwako. Nikaiwasha filta bila samaki, nikawa natia chembe za chakula zioze, na kila siku mbili napima kwa vile vipimo vya matone. Amonia ilipanda, ikashuka, nitriti ikapanda, ikashuka, nitrati ikatokea. Mabomba ya Rothamsted yote kwenye meza yangu, kwa mpangilio ule ule. Ilichukua wiki tatu hivi. Ndipo nikaingiza neoni 10 siku moja, kundi zima, na kwa siku za mwanzo nikawalisha kidogo sana.

Tangu hapo robo ya maji naibadilisha kila wiki ili nitrati isirundikane. Sponji naikamua kwenye maji niliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, naitoa sponji kwenye boksi la filta na kuiacha ielee tangini, maana bakteria wale wanahitaji oksijeni, na ndani ya boksi lililozimika oksijeni huisha haraka. Mimea nimeweka pia. Warington mkubwa hakukosea kuhusu mimea.

Na mwanawe je? Simulizi la hatua mbili na wafanyakazi wawili liliishi vitabuni kwa zaidi ya miaka 100. Nufa la kwanza likatokea kwenye matangi. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba anayemaliza nitriti kwenye akwariamu za maji baridi si *Nitrobacter* aliyetajwa na kila kitabu, na kuuzwa kwenye chupa, bali kiumbe mwingine, *Nitrospira*. Halafu Desemba 2015 jarida la *Nature* likachapisha makala mbili kwa pamoja. Zilieleza jamii za *Nitrospira* zinazofanya kazi yote zenyewe, kutoka amonia mpaka nitrati, mwili mmoja, hakuna kukabidhiana. Kundi moja la watafiti lilimpata kiumbe wake kwenye bomba la maji moto la kisima cha mafuta Urusi. Kundi la pili, la Uholanzi, lilimtoa kwenye filta ya mfumo wa kufugia samaki.

Wiki iliyopita mwanafunzi wa chumba cha tatu kutoka kwangu aliniambia amenunua tangi, anataka neoni. Nikamkatia kipande cha sponji yangu, nikakiweka kwenye mfuko wa nailoni na maji kidogo, kikiwa cheusi na chenye utelezi. Alikishika kwa vidole viwili, akaniuliza kama aanze kwanza kwa kukiosha.